Faiba ni kali, Zoom bado inakwama: foleni haijaisha, imehama

Sa hivi ukiongelea intaneti ya nyumbani hapa Arusha au kule Moshi, watu hawaulizi tena kama unayo, wanaulizana ni Mbps ngapi, yaani megabiti ngapi kwa sekunde. Faiba imeshaingia mitaa mingi ya mjini, na kule ambako waya haujafika kuna ruta za 5G za kuweka dirishani, kwaiyo mtu aliyekuwa anahangaika na modemu ya USB ya 3G leo anatamba na Mbps 50, 100, wengine 200 na zaidi. Pamoja na hiyo kasi yamekuja maneno mawili ambayo nayasikia kila nikikaa na watu wa kompyuta. La kwanza ni kwamba ukishakuwa na spidi kubwa, habari ya kupanga foleni kwenye ruta, ile wanayoiita QoS, imeshapitwa na wakati, ni mambo ya enzi za intaneti kafe watu ishirini wakigombania laini moja. La pili ni kinyume chake kabisa, kwamba ukiwa na laini kali lazima ununue ruta ya gemu yenye antena nane, uingie kwenye menyu uweke gemu namba moja, Zoom namba mbili, watoto na YouTube yao mwisho. Mimi naona wote wamekosea na kosa lao ni lile lile, wanadhani foleni ipo pale pale ilipokuwa zamani. Barabara ya Sakina hadi Tengeru ilipopanuliwa ikawa njia nne magari yalipumua kweli, lakini pale njia nne zinapoishia ndo pakawa pa kubanana, na intaneti ya nyumbani iko hivyo hivyo. Kasi ya laini ikipanda foleni inahamia sehemu nyingine, na usipojua imehamia wapi utazima kitu ambacho bado unakihitaji au utawasha kitu kinachokuharibia laini uliyoilipia.

Tuanze na hesabu maana bila hesabu mada hii inageuka ushabiki wa Simba na Yanga. Pakiti moja ya kawaida ya intaneti ina baiti 1500. Kwenye laini ya Mbps 1 pakiti hiyo inachukua milisekunde 12 kutoka. Kwenye Mbps 10 inachukua 1.2, kwenye Mbps 100 inachukua 0.12, na ukifika Gbps 1 (Mbps 1000) ni maikrosekunde 12, yaani hata huwezi kuihisi. Sasa kila kifaa kinachopitisha data kina bafa, sehemu ambayo pakiti zinakaa zikisubiri zamu. Chukua bafa ya megabaiti 1. Ikijaa kwenye laini ya Mbps 10, pakiti inayoingia mwisho inasubiri milisekunde 800 kabla haijatoka, karibu sekunde nzima, na mtu uliyempigia simu ya WhatsApp anakusikia kama uko chini ya maji. Bafa ile ile ikijaa kwenye Mbps 100 ni milisekunde 80, kwenye Gbps 1 ni 8 tu. Ukiiangalia hesabu hiyo juu juu utasema basi, tatizo limekwisha lenyewe, na hapo ndipo wengi wanapoishia.

Hili tatizo la bafa zilizovimba lilianza kusemwa kwa nguvu mwishoni mwa 2010 na kuingia 2011, pale mhandisi Jim Gettys alipogundua kwamba intaneti ya nyumbani kwake inakufa kila akituma faili kubwa, na hitilafu haikuwa laini mbovu, ilikuwa ni kumbukumbu nyingi mno ndani ya vifaa. Kumbukumbu zilishuka bei, watengenezaji wakazijaza, wakidhani kwamba kuangusha pakiti, yaani kuitupa, ni dhambi. Kumbe itifaki ya TCP, kanuni zinazosafirisha data nyingi za intaneti, inategemea pakiti zianguke ili ijue njia imejaa na ipunguze mwendo, usipoziangusha yenyewe inaendelea kusukuma tu hadi bafa ijae pomoni. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakaja na CoDel, kanuni ya kusimamia foleni ambayo haihesabu pakiti ziko ngapi kwenye foleni, inaangalia zimesubiri muda gani, na zikikaa zaidi ya milisekunde 5 bila foleni kupungua kwa kipindi cha milisekunde 100 inaanza kuziangusha. Mwaka huo huo Eric Dumazet akaiunganisha na mgawanyo wa haki ndani ya Linux, mfumo endeshi unaotumika kwenye ruta nyingi, ikawa fq_codel, na mwaka 2018 ikaingia CAKE, mdogo wake mwenye uwezo zaidi, kwenye Linux 4.19, kazi ya watu kadhaa akiwemo Dave Täht aliyefariki 2025 baada ya kuipigania hii mada miaka mingi. Nataja hii historia kwa sababu moja, kwamba hiki kizazi kipya cha QoS hakihitaji umwambie nani ni mkubwa. Kila mazungumzo kati ya kifaa na seva yanapewa foleni yake, foleni zinazungushwa zamu kwa zamu, na mazungumzo yenye pakiti chache chache kama simu, gemu au kuuliza anwani ya tovuti yanapita mbele yenyewe kwa sababu hayajaacha mrundikano. Watu wanaposema QoS wanachanganya hii na ile ya zamani ya kuorodhesha vipaumbele, na mabishano mengi yanatokana na mchanganyo huo.

Hoja ya wanaosema kwamba laini kali haihitaji haya yote ni nzito kuliko wanavyoieleza wenyewe, kwaiyo ngoja niwasaidie. Netflix wenyewe wanapendekeza Mbps 15 kwa picha ya 4K. Kikao cha Zoom cha picha safi kinakula Mbps 3 au 4 hivi. Weka televisheni mbili, vikao viwili, watoto na TikTok zao, hujafika hata Mbps 60, na mtu ana laini ya 200. Muda mwingi wa siku hiyo laini iko tupu, na foleni haitokei mahali ambapo hamna msongamano. Hata ikitokea, mfano mtoto anashusha gemu la gigabaiti 80, hesabu ya hapo juu inaonyesha kwamba ucheleweshaji wake ni mdogo. Na mafundi wa aina hii wana hoja ya ziada ambayo ni ya kweli kabisa, kwamba ruta nyingi ukiwasha QoS zinapunguza kasi yenyewe, unalipia 500 unapata 180. Kwa mtu mwenye faiba ya kweli, Mbps mia tano au gigabiti, kushusha na kupandisha sawa, kompyuta imechomekwa kwa waya, nakubaliana nao asilimia mia, aache menyu yake ilivyo akalale.

Shida ni kwamba huyo mtu ni nadra sana hapa kwetu. Kwanza, hesabu ile ni ya upande wa kushusha, na vifurushi vingi, hasa vya 5G, kupandisha ni kudogo kuliko kushusha kwa mbali. Hilo linatokana na teknolojia yenyewe, kwa sababu masafa makuu ya 5G yanagawana muda kati ya kushuka na kupanda na sehemu kubwa ya muda inapewa kushuka. Tangu Vodacom walipowasha 5G nchini mwaka 2022 watu wamezoea kuonyeshana picha ya kipimo cha kasi, 300 kushusha, na hawaangalii namba ya pili chini yake ambayo inaweza kuwa 15. Sasa Arusha ni mji wa utalii, kila ofisi ya safari na kila mwongoza watalii akirudi kutoka Serengeti ana kadi ya kamera imejaa picha na video za drone zinazotakiwa ziende kwa wateja au kwenye hifadhi ya mtandaoni usiku huo huo. Akianza kupandisha, bafa ya upande wa juu inajaa, na tumeshaona megabaiti 1 kwenye Mbps 10 ni milisekunde 800. Cha kushangaza wengi ni kwamba hata kushusha kunakufa wakati huo. Kila data unayoshusha, kifaa chako kinatakiwa kirudishe kijipakiti cha kusema nimepokea, na hivyo vijipakiti vinakaa kwenye foleni ile ile nyuma ya video za tembo. Seva kule ikikosa majibu inapunguza mwendo, kwaiyo unaona Mbps 300 zako zimekuwa 20, unapiga simu kwa kampuni kulalamika wakati aliyeziba ni simu ya mwanao inayohifadhi picha kwenye wingu.

Pili, na hapa ndo penye uhondo wote, foleni imehamia kwenye waifai. Zamani laini ilikuwa Mbps 4 na waifai ilikuwa 30, kwaiyo sehemu nyembamba ilikuwa laini, na kila ulichopanga kwenye ruta upande wa nje kilikuwa na maana. Leo laini ni 200, lakini ruta iko sebuleni pale waya ulipoingilia, chumba cha nyuma kiko kuta tatu za bloku mbali, na simu ya dada wa kazi inashika 2.4 GHz tu kwa sababu ndo uwezo wake. Kwenye 2.4 GHz kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na majirani wote wamo humo humo. Hiyo simu inapata Mbps 20 ikibahatika. Maana yake ni kwamba bafa inayojaa ni ile ya redio ndani ya ruta yako, na unaweza kuweka CAKE ya maana kabisa upande wa faiba ukaiwekea kikomo cha Mbps 180 na isiguse chochote, maana pakiti hazisubiri kule, zinapita faibani bila kugusana alafu zinajazana mlangoni kwa redio.

Na waifai ina ubaya wake ambao waya hauna, nao ni kwamba kinachogawanywa hewani ni muda, wala sio megabiti. Simu iliyo mbali inayoongea kwa kasi ya 6 Mbps ikipewa pakiti sawa na laptop iliyo karibu inayoongea kwa 400, simu inakalia hewa mara sitini na kitu zaidi ya laptop kwa kazi ile ile, na wote mnashuka mpaka karibu na mwendo wa yule mbovu. Mwaka 2017 Toke Høiland-Jørgensen na wenzake walionyesha jinsi ya kutibu hili ndani ya Linux, kwa kuipeleka fq_codel mpaka kwenye redio na kugawa muda wa hewa kwa haki, na ucheleweshaji wakati waifai imejaa ulipungua kwa kiwango cha mara kumi hivi. Kazi hiyo ipo kwenye ruta zinazotumia OpenWrt, programu huria ya ruta, zenye chipu ambazo draiva zake zinaikubali, kama ath9k, ath10k na mt76 za MediaTek. Kwaiyo ukitaka kujua QoS ya laini kali inaishi wapi, inaishi hapo, na hakuna muuza ruta hata mmoja mjini aliyewahi kuniambia chipu ya waifai ni ya nani, wanakuhesabia antena. Kwa nyumba nyingi za huku dawa ya kwanza hata sio programu, ni kuvuta waya mmoja wa mtandao mpaka korido ya nyuma ukaweka aksesi pointi, yaani kifaa cha pili cha kurusha waifai, na televisheni uichomeke kwa waya maana haiendi popote.

Kuna kundi la tatu ambalo hakuna anayeliongelea kabisa na mimi naona ndo lenye sababu kubwa kuliko wote, wapangaji wanaochangia laini moja. Mwenye nyumba ana vyumba nane uani, anavuta faiba moja ya Mbps 100, kila chumba kinachangia kidogo kwa mwezi, kila mtu anafurahi. Alafu chalii wa chumba cha sita anawasha torenti, programu ya kushusha faili kutoka kwa watu wengi kwa mpigo. Torenti inafungua miunganisho mingi, tuseme sitini, na laini isiyo na mpangilio inagawana kwa miunganisho, kwaiyo mama wa chumba cha kwanza mwenye muunganisho mmoja wa kikao chake cha kazi anashindana na sitini. Hapa huwezi kusema Mbps 100 zinatosha watu nane, zinatosha kwa hesabu ya kugawanya, hazitoshi kwa jinsi mtandao unavyogawana wenyewe. Hata fq_codel peke yake haimalizi hili kwa sababu nayo inatenda haki kwa mazungumzo, na chalii ana mazungumzo sitini. CAKE ndo ina uwezo wa kugawa kwanza kwa vifaa na ndani ya kila kifaa ndo igawe kwa mazungumzo, kwaiyo mama anapata fungu lake akilitaka, na asipolitaka chalii anakula lote bila mtu kuumia. Kuna masharti, ruta inayogawa lazima ione kila kifaa cha ndani, maana kama chumba cha sita wameweka ruta yao ndogo na nyuma yake kuna simu tano, kwa ile kubwa wote ni mtu mmoja. Wengine wataona hiyo ni kasoro, mimi naona kwa nyumba ya kupanga ndo inavyotakiwa, chumba kimoja fungu moja. Mwenye nyumba anayejua hili hana haja ya kugombana na mpangaji wala kukata waifai saa nne usiku.

Sasa turudi kwa watu wa ruta za gemu, maana hoja yao ndo dhaifu kuliko zote na ndo inayouzwa kwa bei kubwa kuliko zote. Wanakwambia weka gemu juu, zingine chini. Swali la kwanza, ruta inajuaje hii pakiti ni ya gemu? Zamani iliweza kuchungulia ndani, leo karibu kila kitu kimefungwa kwa usimbaji, na tangu QUIC, itifaki mpya ya kusafirisha kurasa na video, ipitishwe kuwa kiwango rasmi mwaka 2021 hata video nyingi zinasafiri kwa UDP, itifaki ile ile ya gemu na simu, kwaiyo ruta inabahatisha kwa kuangalia namba za poti na anwani. Kuna njia rasmi ya kuipiga pakiti alama ya kipaumbele, na ndani ya nyumba yako alama hiyo inafanya kazi, hata waifai inaifuata kwa madaraja yake manne, ila ikitoka nje mitandao mingi inaifuta au inaipuuza. Kwaiyo pakiti zinazokuja kwako kutoka nje, ambazo ndo nyingi, zinafika bila alama ya maana. Swali la pili, hata ukizijua, ukiweka gemu juu, Zoom juu, simu ya baba mkwe juu, televisheni ya mama juu kwa sababu atanuna, umebakiwa na nini chini? Na la tatu ndo linawaumiza kuliko yote, umbali. Mwanga ndani ya faiba unakimbia kilomita laki mbili kwa sekunde hivi, kutoka hapa mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 600, kwenda na kurudi ni milisekunde 6 hata kama hakuna kifaa chochote njiani kinachochelewesha. Seva ya gemu ikiwa Johannesburg, Dubai au Ulaya unaanza na makumi ya milisekunde na kuendelea mpaka mia na kitu, na hakuna menyu ya ruta inayosogeza Ulaya karibu na Mount Meru. Kuna jamaa Njiro kanunua ruta ya aina hiyo kwa hela ya kununua mbuzi kadhaa na pingi yake, muda wa pakiti kwenda na kurudi, imebaki ile ile, anasema gemu linateleza zaidi, basi, tumwache nayo.

Ila nao wapenzi wa CAKE, kundi ambalo mimi niko karibu nalo, wana jambo hawasemi. Kupanga foleni kunahitaji prosesa iguse kila pakiti. Kwenye Gbps 1 pakiti kubwa zinapita kama elfu themanini kwa sekunde, yaani prosesa ina maikrosekunde 12 kwa kila moja, na pakiti zikiwa ndogo muda unapungua zaidi. Ruta za bei ya chini zinafikia kasi iliyoandikwa kwenye boksi kwa sababu zina njia ya mkato, chipu maalum inapitisha pakiti bila prosesa kuu kujua. Ukiwasha SQM, jina la jumla la huu upangaji foleni wa CAKE na fq_codel, hiyo njia ya mkato inazimwa, kila kitu kinapita kwa prosesa, na ruta zenye chipu za MIPS kama MT7621 zinachoka kwenye Mbps mia na kitu mpaka mia mbili na kitu. Ndo maana yule wa Mbps 500 anapata 180 na kuitukana QoS yote. Ukitaka kuifanya kwenye gigabiti unahitaji mashine yenye nguvu, kompyuta ndogo ya Intel N100 inaimudu, lakini hapo umeongeza gharama, kifaa kingine cha kuchomeka umeme, na umeme wenyewe tunaujua. Kwaiyo ushauri wa weka CAKE kila mahali ni mbovu. Kwenye laini ya Mbps 30 iweke bila kufikiri mara mbili. Kwenye 100 hadi 200 iweke kama kupandisha ni kudogo au mnachangia wengi, na unaweza kuiweka upande wa kupandisha peke yake ukaacha kushusha kuwe huru, prosesa ipumzike. Kwenye mia tano kwenda juu, laini ikiwa sawa pande zote, hela yako ipeleke kwenye waifai.

Kuna na sharti la msingi ambalo linaamua kila kitu. SQM inafanya kazi kwa kujifanya nyembamba kidogo kuliko laini, unaipa asilimia 85 mpaka 95 ya kasi halisi ili foleni itokee ndani ya ruta yako unapoweza kuitawala, isitokee kwenye kifaa cha kampuni ambacho huna mamlaka nacho. Hii inadai kasi iwe inajulikana. Faiba inajulikana mara nyingi, 5G haijulikani, alfajiri inakupa 300 na saa mbili usiku inakupa 40. Ukiweka 250 usiku haifanyi chochote, ukiweka 35 alfajiri umejinyima bure. Kuna programu inaitwa cake-autorate ambayo inapima ucheleweshaji muda wote na kupandisha au kushusha kikomo chenyewe, inasaidia, ila sio kitu cha kumwekea mama mkwe ukaondoka. Na hata faiba ina siri yake. Mfumo wa GPON unaotumika sana majumbani una Gbps 2.488 kushuka na 1.244 kupanda kwa tawi zima, na tawi moja linaweza kugawiwa nyumba 32 au 64. Kampuni ikiuza vifurushi vikubwa kwa kila nyumba kwenye tawi, au njia yao ya kutoka mkoani ikiwa imejaa, foleni ya jioni iko kwao, na hapo wewe hata ukiweka ruta ya NASA unapanga foleni ambayo haipo kwako. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika watu walikuwa wanawasha na kuzima ruta nyumbani, wakati njia yenyewe ilikuwa imekatika baharini.

Ndo maana naona kipimo tunachotangaziwa ni kibaya. Kampuni inatangaza kasi, mteja anapima kasi, wanagombana juu ya kasi, na hakuna anayeuliza pakiti inasubiri muda gani laini ikiwa imejaa. Kupima hilo sio kazi kubwa, fungua dirisha la amri kwenye kompyuta, piga pingi kwenda 1.1.1.1, seva ya umma ya Cloudflare, nyumba ikiwa kimya, alafu mwambie mtu apandishe video kubwa huku pingi inaendelea, alafu ashushe kitu kikubwa. Wenye kompyuta za Apple wana amri ya networkQuality tangu mwaka 2021 inafanya yote peke yake. Fanya kwanza kwa waya, alafu kwa waifai ukiwa chumba cha nyuma. Ikipanda kutoka 15 kwenda 400 kwa waya wakati wa kupandisha, laini yako inahitaji SQM upande wa kupandisha. Kwa waya ikitulia na kwa waifai ikiruka, hujalaniwa, ni redio na kuta. Ikiruka jioni tu hata wewe ukiwa hutumii kitu, hiyo ni ya kampuni, wapigie na hizo namba mkononi, maana fundi wa huduma kwa wateja akisikia milisekunde badala ya "intaneti iko slo" anakosa sababu ya kukwambia uzime na kuwasha.

Kampuni nazo zina la kufanya ambalo ni rahisi kwao kuliko kwetu. Kifaa wanachotufungia ukutani ni chao, programu yake ni yao, na nyingi za hizo zinaendeshwa na Linux ambayo fq_codel imo ndani tangu 2012. Kuiwasha upande wa kupandisha, ambako kasi ni ndogo na prosesa inaweza, kungewapunguzia simu za malalamiko bila kuongeza hata Mbps moja kwenye njia yao. Wakishindwa hilo basi waruhusu mteja aiweke ruta yao iwe daraja tu, ipitishe data bila kupanga chochote, achomeke ya kwake bila kubembeleza ofisini. Hilo ndo swali la kuuliza kabla ya kusaini fomu, pamoja na kupandisha ni ngapi. Na fundi wa mtaani anayefunga intaneti kwenye nyumba za kupanga, yeye akitaka kazi yake isirudiwe, avute waya wa pili siku hiyo hiyo dari likiwa bado wazi.